Wekeni Chini Kiburi, Si Gitaa



Kuna dhana iliyojengeka katika kumbi zetu za ushairi, nayo imekaa muda mrefu bila kuhojiwa hata ikavaa joho la kanuni. Dhana hiyo yasema kwamba shairi la Kiswahili laweza kughanwa, laweza kuimbwa kwa mahadhi, laweza hata kusindikizwa na udi na kanuni tukaliita taarabu na kulisimamia kwa heshima. Lakini likisindikizwa na gitaa, hasa gitaa kavu linalodonolewa kwa vidole na mtu wa bara, basi limeacha kuwa shairi. Limekuwa "muziki", na mwenye kulileta huelekezwa mlango wa wanamuziki.

Naipinga dhana hiyo, na naipinga kwa hoja za mizani, vina na lahaja, ambazo ndizo hoja tunazodai kuzijua sisi tunaokutana katika ukurasa huu.

Lililonisukuma kushika kalamu ni jambo dogo. Katika jioni moja ya mashairi hapa Sumbawanga, ambayo waandaaji wake sitawataja, kijana mmoja wa Malangali alipanda jukwaani na gitaa la nyuzi kumi na mbili. (Nasema Malangali yetu, kata ya manispaa hii, si ile ya Mufindi yenye shule kongwe ambayo kila mtu huikimbilia akilisikia jina.) Akaamkia wazee, akaanza kudonoa. Kabla hajatamka hata mshororo mmoja, mmoja wa majaji akamkatiza: "Mwanangu, weka hilo gitaa chini, utusomee shairi." Kijana akajibu, "Sawa, babu," akaliegemeza ukutani, akasoma. Lilikuwa shairi la tarbia, mizani zake timilifu, vina vyake havikupinda. Likapita kama barua ya ofisini. Jaji aliridhika kwamba sasa amesikia ushairi, ilhali mimi niliyekuwa nimeketi safu ya pili niliona kwamba nusu ya ushairi imeachwa ukutani.

Tuanze na sheria, maana wenye dhana hii hupenda kujificha nyuma ya sheria. Sheikh Amri Abedi alipochapisha "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri" mwaka 1954, aliweka kuimbika kuwa msingi wa shairi. Kwake yeye, kisichoimbika hakistahili jina hilo. Wanausasa walikuja baadaye wakampinga. Euphrase Kezilahabi alitoa "Kichomi" mwaka 1974, Mulokozi na Kahigi wakafuata na "Malenga wa Bara" mwaka 1976, na mgogoro wa vina na mizani ukatujaza karatasi hadi leo. Sitaufufua. Nataka tu tuone kilichotokea katika vurugu ile. Wanamapokeo walishinda darasani kwa kuhesabu silabi, wanausasa wakashinda vitabuni kwa kuziachia huru, na sauti, ile ambayo Sheikh Amri aliiweka mwanzoni, ikakosa mtetezi pande zote mbili. Leo mwanamapokeo anayenukuu sheria za Sheikh Amri kwa vidole kumi husoma tarbia kama msomaji wa taarifa ya habari, kisha humkemea anayeiimba kwa gitaa. Huyo anatetea sheria gani?

Hoja ya pili husema gitaa ni la kigeni. Hii nashangaa inatamkwaje na watu wenye masikio. Udi ulitoka wapi? Kanuni je? Na fidla, na akodioni? Ikhwani Safaa imekuwapo Zanzibar tangu 1905, na ala zake nyingi zilivuka bahari. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema sauti ile haikuwa ya Kiswahili. Ala ikipita Cairo na Zanzibar tunaiita urithi. Ikipita Likasi na Ziwa Tanganyika tunaiita kelele. Kipimo hicho kinapima bandari ambayo kitu kimeshukia, wala hakigusi ugeni wake.

Na kama ni mambo ya nyuzi, hebu tuhesabu pamoja. Udi wa kawaida una jozi tano na uzi mmoja wa besi usio na mwenzake, jumla nyuzi kumi na moja. Kanuni hupangwa nyuzi tatu tatu kwa sauti moja. Pwani basi imejua siku zote kwamba sauti ya uzi uliopewa mwenzake hushika sikio kuliko ya uzi mpweke. Gitaa la kijana wa Malangali lina jozi sita. Limeuzidi udi kwa uzi mmoja. Kwa uzi huo mmoja tumfukuze jukwaani?

Sasa niingie katika kiini, na hapa naomba mwenye haraka apunguze mwendo.

Katika gitaa la nyuzi kumi na mbili, jozi mbili nyembamba za chini zina nyuzi mbili za sauti ileile. Jozi nne zilizobaki zimeoanishwa uzi mnene na uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu yake. Katika magitaa mengi ya aina hii, ule mwembamba hukaa upande wa juu, hivyo kidole gumba kikishuka hugusa kwanza wembamba, kisha unene, kwa kupishana kusikohesabika. Besi huja ikiwa na mwanga juu yake. Mpigaji wa vidole hulipa gumba kazi ya kutembea juu ya jozi nene kwa mwendo usiobadilika, na kidole cha shahada, au shahada pamoja na cha kati, kazi ya kujibu katika jozi nyembamba. Hafagii nyuzi zote kwa mkono mmoja kama afanyavyo anayesindikiza kwaya. Anayefagia hufunika maneno. Anayedonoa huacha nafasi kati ya sauti na sauti, na katika nafasi hiyo silabi ya Kiswahili huingia ikakaa.

Chukua kipande cha mizani nane, ukwapi au utao, upendavyo. Lipe gumba mapigo manne, kila pigo silabi mbili. Gumba litaangukia silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Shahada itajibu katika ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Kiswahili nacho huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na katika kipande cha mizani nane silabi hiyo ni ya saba. Kwa hiyo pigo la nne la gumba na mkazo wa neno la mwisho hukutana kila mara, katika kila kipande cha kila mshororo. Hakuna aliyelazimisha. Hesabu ya mizani na tabia ya lugha zimekubaliana.

Kisha kina. Kina chetu hukaa katika silabi ya nane, yaani silabi isiyo na mkazo, ile ambayo katika usomaji wa kawaida hufifia mdomoni. Huu ni udhaifu wa kimaumbile wa usomaji wa tarbia ambao hatupendi kuuzungumza: tunatoa jasho kutafuta kina, halafu tunakiweka mahali ambapo pumzi imekwisha. Katika gitaa la vidole, silabi ya nane ni ya kidole cha shahada. Inaangukia jozi nyembamba, inang'aa, inabaki hewani hata mwimbaji akiwa amekwisha kuvuta pumzi ya kipande kinachofuata. Kina kinapata uzi wake, na uzi huo una pacha.

Nitatunga ubeti mmoja hapa ili mwenye gitaa ajaribu na asiye nalo apige meza kwa gumba na shahada. Ni wangu, na sidai kwamba una ukubwa wowote zaidi ya kuwa mfano:

Gitaa ni lako mwana, nyuzi ni kumi na mbili,
Zapangwa kwa kujuana, kila uzi na wa pili,
Gumba hupiga kwa kina, shahada hujibu mbali,
Silabi zikiungana, sauti huwa kamili.

Mtu akiupiga ataona kwamba ndani ya kipande mkazo wa neno na pigo la gumba havikubaliani kila mara. Katika "silabi", mkazo uko katika silabi ya pili, mahali pa shahada, na gumba linapita pembeni yake. Mshairi na gumba hupishana njiani, kisha hukutana silabi ya saba. Ladha ya wimbo imo katika kupishana huko, na ndiyo sababu tarbia iliyodonolewa haichoshi kama tarbia inayosomwa kwa kugonga kila neno kwa nguzo ileile.

Mjuzi atauliza juu ya vipande visivyo vya nane. Vya sita hukaa sawasawa, kwa kuwa mkazo wake ni silabi ya tano, ambayo ni pigo la tatu la gumba. Vya nne vilevile. Vya tano na vya saba huleta taabu, maana mkazo wa mwisho huwa katika silabi ya nne au ya sita, nazo ni za shahada. Hapo mpigaji hana budi kuongeza kituo au kuanza kipande kabla ya gumba. Taabu hiyo ina faida: inamwonyesha mshairi kwa masikio kile ambacho mwalimu wake alimwonyesha kwa penseli tu. Nimekutana na wanafunzi wanaohesabu mizani kwa kuchora mistari chini ya silabi na bado hawajui kwa nini mshororo wao unachechemea. Saa moja na mpigaji wa vidole ingewaponya.

Tuje sasa katika nasaba, maana kijana yule hakuzuka ardhini.

Upigaji huu una wazee wake, na wazee hao waliimba kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na vyombo vyake vya kurekodia, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana aliyezaliwa mwaka 1930 aitwaye Mwenda Jean Bosco. Alipiga kwa gumba na shahada. Wimbo wake "Masanga" ukazunguka dunia kwa santuri. Edouard Masengo na Losta Abelo walikuwa wa shina hilohilo la Katanga. Mwenda na Masengo walifika Nairobi, na magharibi mwa Kenya palikuwa tayari na mtindo wake, omutibo, na mabingwa kama George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963 akiwa ametuachia "Sengula Nakupenda". Huko gitaa lilisindikizwa na chupa ya soda iliyogongwa kwa chuma. Hata jina galatoni, ambalo wazee wetu huliita gitaa kavu, limebeba Gallotone, chapa ya Afrika Kusini iliyouza santuri na magitaa katika sehemu hizi. Mwenye kupenda etimolojia aanzie hapo kabla ya kutuambia gitaa halina mizizi katika Kiswahili.

Wazee hao walipiga magitaa ya kawaida ya nyuzi sita. Lakini kiu ya uzi pacha ilikuwapo. Wakongo walibuni mi-composé: uzi wa nne huondolewa, mahali pake hutiwa mwembamba unaolia oktavu juu. Hiyo ni jozi ya nne ya gitaa la nyuzi kumi na mbili, iliyopunguziwa uzi mnene na kubakizwa ule unaong'aa. Atakayesema nyuzi kumi na mbili ni maringo ya vijana waliotazama video za Wamarekani, na ajibu hilo. Lead Belly alilipiga vizuri huko kwao, hakuna ubishi, lakini masikio ya Kongo yaliitafuta oktavu hiyo yenyewe bila kumwuliza.

Na Ufipa iko wapi katika hadithi hii? Iko mlangoni. Ukiteremka kutoka uwanda huu hadi Kasanga au Kipili, mbele yako ni Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ni Kongo. MV Liemba, meli iliyoanza maisha yake kwa jina la Mjerumani mwaka 1915, ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927, ilibeba dagaa, mahindi na abiria kati ya Kigoma na Mpulungu ikigusa fukwe zetu. Watu wa huku walikwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba, wengine wakarudi. Sheikh Amri mwenyewe alizaliwa Ujiji, katika ziwa hilohilo. Mtunga sheria za ushairi na wadonoaji wa Katanga walikunywa maji ya bonde moja, na sisi tunaokaa katikati yao tunajifanya hawahusiani!

Hapa ndipo penye kidonda chenyewe. Kinachokataliwa si gitaa. Kinachokataliwa ni Kiswahili kilichokuja nalo. Waliwahi kukiita Kingwana, na hata leo ukitaja Kiswahili cha Lubumbashi utasikia watu wakicheka kabla hujamaliza sentensi. Husema "batu" na "batoto", hutumia "iko" pale tunapotumia "ni", na kwa hiyo, tunaambiwa, kimevunjika.

Wenzangu, Kiamu husema "nti" kwa nchi, "mato" kwa macho, "ndia" kwa njia. Hakuna kati yetu anayethubutu kusema Al-Inkishafi imeandikwa kwa Kiswahili kilichovunjika. Tunanunua kamusi, tunaandika tanbihi, tunawafundisha wanafunzi kwamba hiyo ni lahaja na lahaja ni hazina. Vyema sana. Basi mwimbaji wa Likasi anaposema "batoto", wapi tumeweka tanbihi zake? Mwaka 1965 huko Élisabethville iliandikwa historia nzima ya mji kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani, "Vocabulaire de ville de Elisabethville", na Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni watu wangapi katika ukurasa huu wameiona? Lahaja iliyoweza kubeba historia ya mji haiwezi kushindwa kubeba ubeti.

David Rycroft aliandika uchambuzi wa upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, noti kwa noti. Nyimbo alizorekodi Tracey zimetunzwa katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Sina kinyongo na wageni hao. Walishughulika na vidole kwa kuwa wao ni watu wa muziki. Maneno yalikuwa zamu yetu, watu wa lugha, na zamu ikafika tukiwa tunabishana kama Kezilahabi ni mshairi. Nyimbo za Kiswahili za Katanga zinahitaji diwani yenye lahaja yake kama ilivyo, maelezo yake, na uchambuzi wa vina vyake, ambavyo vipo, ila havikai pale tulipozoea kuvitafuta.

Wadonoaji nao wasinielewe kwamba nawapamba. Wengi humeza silabi ili gumba lisikose pigo. Wengine hurudia neno moja mara tano kwa kuwa mkono umepata raha na akili haina la kusema. Kuna wanaofunga gitaa la nyuzi kumi na mbili bila subira ya kulipatanisha, na jozi isiyopatana ni kero kuliko uzi mmoja mbovu: oktavu ikikosa hata kidogo, ubeti wote unanuna. Huku kwetu, katika mwinuko wa mita zipatazo 1,800, baridi kavu ya Juni na Julai huvuta mbao, na gitaa lililopatanishwa asubuhi huwa jingine jioni. Mwenye busara huteremsha nyuzi zote kwa sauti moja, shingo ya gitaa ikapumua, na sauti ya kiume ikapata mahali pa kukaa. Mshairi atakayepanda jukwaani na ala isiyopatana na ahukumiwe kwa hilo, kama tunavyomhukumu mwenye kina kilichopinda.

Nasema na ahukumiwe. Kumfukuza kabla hajatamka ni kukwepa kazi ya jaji. Jaji mwenye ujuzi angesikiliza kama mkazo na gumba vinakutana mwisho wa kipande, kama kina kinasikika au kimefunikwa, kama kibwagizo kimepewa mwendo wake, kama mpigaji ananyamaza pale maneno yanapohitaji ukimya. Hayo ni maswali ya ushairi. Jaji asiyeweza kuyauliza, tatizo ni lake.

Wazee wa hapa hufasiri jina Sumbawanga kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Watu waliingia mji huu wakiacha nje kile walichokuja nacho cha kudhuru. Sijui kama wapo waliowahi kuambiwa waache nje ala zao.

Kwa wanaoandaa jioni ijayo ya mashairi, hapa au kwingineko, ombi langu ni fupi. Katika tangazo lenu, chini ya mstari unaotaja idadi ya beti na muda wa kila mshairi, ongezeni maneno mawili: ala inaruhusiwa. Na mtoe dakika tano za ziada, maana nyuzi kumi na mbili hazipatanishwi kwa haraka.